Chozi wa Kingsbury

Aliyeninyima usingizi wiki ile alikuwa mdudu. Kazi nilizoomba zilikuwa zimenikataa nyingi, viza yangu ilikuwa inakwenda ukingoni, na hayo yote niliweza kulala nayo. Mdudu mdogo kuliko kidole gumba ndiye aliyeniweka macho, kwa sababu alikuwa anakuja bustanini kwa shangazi yangu kunyonya maua, na ndani ya nyumba ile nilijua mimi peke yangu.

Swali lilikuwa moja: nimwambie shangazi au ninyamaze? Lakini swali moja mikononi mwangu huzaa. Nikimwambia, atajua kwamba marehemu mumewe hakuwa akiona vitu visivyokuwepo, na hiyo ni haki ya marehemu. Hapo hapo atajua kwamba kila alipoitwa aje atazame palikuwa na kitu cha kutazama, naye hakwenda hata mara moja. Nikinyamaza, ataendelea kuwaambia wanawake wanaokuja kumpa pole kwamba mzee akili ilikuwa imeanza kumtoka siku nyingi. Na hata akitaka kuona kwa macho yake, atatokaje? Yumo edani, bado wiki tatu. Oktoba ilikuwa imefika katikati. Ukipiga ubaridi mkali asubuhi moja tu, mdudu yule hatuonani naye tena.

Nina tabia ya kuchora mstari katikati ya karatasi, kulia nikaandika faida, kushoto hasara. Kufikia Alhamisi karatasi ilikuwa imejaa pande zote mbili, nami nilikuwa nimeigeuza nyuma.

Mume wa shangazi nilimwita ami, ingawa si ndugu wa baba yangu. Ni heshima tu. Aliondoka Unguja kijana, baada ya Mapinduzi, akapita Mombasa, akafika London, akaendesha mabasi mpaka alipostaafu. Shangazi alikuja miaka mingi baadaye. Ndoa yao ilifungwa Unguja bwana harusi akiwa hayupo, kaka yake amesimama kama wakili wake, na bibi harusi akapandishwa ndege kumfuata mtu aliyemjua kwa picha mbili. Hawakujaaliwa mtoto. Nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya pili huku, nikapewa chumba cha juu, cha nyuma, na nikawa mtoto wao wa uzeeni.

Ami hakurudi Unguja hata kwa matembezi. Zamani alisema haiwezekani, kisha akasema nauli, kisha magoti, na mwisho akasema kule sasa hamjui mtu. Alichokuwa nacho ni bustani. Bustani za nyuma za Kingsbury ni nyembamba kama ukumbi wa nyumba, uzio wa mbao huku na huku, na jirani akipiga chafya unamwitikia. Mwisho wa yetu kuna banda la mbao, na nyuma ya banda kipande cha ukuta wa zamani wa matofali. Pale ami alipandisha asumini, na penye nyufa za ukuta paliota wenyewe mmea wa maua mekundu madogo madogo ambao hatukujua jina lake. Mbele yake aliweka benchi aliloligonga mwenyewe kwa mbao za kitanda kibovu. Ukiwa jikoni, benchi hulioni, wala maua huyaoni, banda limeziba.

Kila mwaka majani yalipoanza kugeuka rangi, ami alikuja mbio mpaka mlango wa jikoni, mikono ina udongo.

"Njoo! Njoo uone, chozi kaja!"

Kwetu chozi ni yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayenyonya maua ya migomba, manyoya yake yakimeremeta juani kama mafuta juu ya maji. Ami alikuwa akisimulia kwamba nyuma ya jiko la mama yake, Unguja, walikuwepo asubuhi na jioni, na kwamba mama yake aliwakataza watoto kuwatupia mawe kwa sababu hawali mpunga wala hawachafui nguo kambani.

"Chozi wa Unguja atafuata nini Kingsbury?" shangazi alijibu bila kuinua macho kwenye sufuria. "Hata mie ningeijua baridi hii nisingekuja."

"Mara moja tu, mke wangu."

"N'nakaanga."

Basi ikawa mzaha wa ukoo. Wageni walikuwa bado hawajavua viatu wakiuliza, "Ami, chozi hajambo? Keshapewa nyumba na kaunsili ya mtaa, au bado kapanga?" Naye alicheka kuliko wote. "Chekeni," alisema. "Yeye anaingia na kutoka bila kuombwa viza, ndicho kinachokuumeni."

Mimi pia nilicheka. Sikuwahi kwenda kutazama. Nilikuwa na tasnifu ya kumaliza, na yeye alikuwa anaita saa nane mchana, saa ambayo niliamini ndiyo ninayofikiri vizuri.

Kisha akaanza kusahau. Bomba la bafuni liliachwa wazi mpaka dari ya chini ikalowa. Alikwenda msikitini na kiatu cha kahawia na kiatu cheusi. Shangazi akaomba miadi ya daktari, na kwa kuwa hakutaka mkalimani wa kigeni ajue mambo ya nyumbani kwake, alinichukua mimi. Ilikuwa Septemba. Tulikaa watatu mbele ya daktari kijana mwenye sauti ya upole. Aliuliza kama familia imeona mabadiliko.

"Mwambie bomba," shangazi alisema. "Mwambie viatu. Mwambie anaona chozi bustanini."

Nikafasiri bomba, nikafasiri viatu. Nilipofika kwenye chozi nilikwama, kwa sababu nilitaka daktari aelewe haraka, na nilitaka nionekane mtu anayejua mambo haya. Nikasema kwamba mgonjwa anaona ndege wasiokuwepo. Daktari akaandika.

Ami alikuwa amekaa pale pale, kofia mapajani. Alikuwa ameendesha basi London miaka mingi kuliko umri wangu. Kiingereza alikijua kunishinda. Tulipokuwa tunarudi, kwenye basi, shangazi amekaa mbele kidogo, aliniinamia akasema, "Umefasiri vizuri, mwanangu. Ila chumvi umetia mwenyewe."

Nikajifanya nasoma kitu kwenye simu.

Ugonjwa alikuwa nao kweli, sitaki kujidanganya. Bomba lilikuwa wazi kweli. Lakini Oktoba ile, ya kwanza baada ya daktari, hakuja mbio jikoni hata siku moja. Alikwenda kwenye benchi lake, akakaa, akarudi. Shangazi aliona hilo akanong'ona, "Alhamdulillahi, dawa zimeanza kumkaa."

Mwishoni mwa Juni iliyofuata moyo wa ami ukasimama, alfajiri, baada ya kusali.

Shangazi akaingia edani: miezi minne na siku kumi. Akavaa magauni meupe yasiyo na ua wala rangi, akaweka mbali udi, manukato na hina, akahamia chumba cha mbele ambacho pazia lake ni zito. Mlango wa nyuma hakuukanyaga. Nilimwambia mara mbili kwamba bustani ni sehemu ya nyumba, na mara mbili akaniangalia kama mtu aliyeambiwa akaoge barabarani. Kiangazi chote cha London, kile kifupi tunachokingojea mwaka mzima, kilipita nje ya pazia lile. Nilimwona akipungua. Hakulia sana. Alikuwa anakaa, tasbihi mkononi, na akija mgeni anasimulia habari za mumewe kwa mpangilio ule ule: alivyokuwa mpole, alivyokuwa dereva, alivyoanza kusahau, alivyokuwa anaona chozi. Hapo mgeni hucheka kidogo kwa adabu, na shangazi naye hutabasamu, kisha huangalia chini kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji hadithi ya kuchekesha.

Nilimwona mdudu Jumatatu. Nilikuwa nimekwenda nyuma ya banda kutafuta vibanio vya nguo, jua limetoka lile la vuli, la pembeni, linalokupiga machoni. Penye maua mekundu kulikuwa na kitu kinaning'inia hewani. Hakikutua. Mabawa yalikwenda kasi hata hayaonekani, ni ukungu wa rangi ya chungwa tu, na kutoka usoni kilitoa kitu kirefu, chembamba kama uzi, kikachovya ndani ya ua, kikachomoa, kikahamia la pili, la tatu. Kilikuwa kinavuma. Mkiani kilikuwa na weusi na weupe, kama manyoya yaliyochanua.

"Chozi!" nilisema kwa sauti, peke yangu, mwanamke mzima mwenye shahada mbili.

Kwa muda wa pumzi tatu au nne nilikuwa nyumbani. Nilisikia kabisa harufu ya majivu ya jiko la bibi yangu. Kisha kikageuka upande wangu nikaona kina vipembe viwili kichwani, na macho ya mdudu.

"Beta, umeona rafiki ya mzee?"

Alikuwa jirani yetu, kichwa juu ya uzio. Ni mama wa Kigujarati aliyezaliwa Kisumu, wazazi wake walikuwa na duka kule, na Kiswahili chake ni kile cha dukani utotoni mwake. Amekihifadhi miaka yote kama sahani za harusi, anakitoa kwa ajili yetu tu. Beta kwa lugha yao ni mwanangu.

"Unamjua?" nikauliza.

"Kila mwaka hii nakuja. Mjukuu yangu nasema hii ni ndege ya Amerika. Mimi nasema Amerika mbali, hii nakuja kwa mzee." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Mzee nakaa hapo, mimi nakaa hapa, sisi natazama. Halafu yeye napiga mbio kuita mama. Mama hakuna kuja. Narudi peke yake, nasema, leo anakaanga." Akacheka, kisha akaacha. "Mwaka jana mimi nauliza, mzee, leo huiti mama? Akasema, hapana. Nikiita, atanipeleka tena kwa daktari."

Nilirudi ndani bila vibanio.

Nikasoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Amerika kuna ndege wadogo kabisa wanaoning'inia mbele ya maua na kuvuma kama nyuki. Hawajapata kuvuka bahari kuja huku. Watu wa London wanaodhani wamewaona, huwa wamemwona huyu: nondo, wa jamii ile ile ya wanaogonga taa zetu jioni, ila yeye anaruka mchana. Anakuja kutoka kusini wakati wa joto, na vuli ikiingia wengine wao wanarudi kusini, wanavuka nchi na maji kwa mabawa yale. Nikasoma pia kwamba ana desturi ya kurudi kwenye maua yale yale, saa ile ile, kila siku. Kweli: Jumanne alikuja saa nane na robo, Jumatano saa nane na dakika kumi.

Basi ami aliona. Alikosea jina, kama nilivyokosea mimi, kama angekosea mtu yeyote aliyelelewa karibu na mgomba na akakaa mbali nao muda mrefu.

Nilijaribu njia nyepesi kwanza. Nilimpiga nondo picha za video kwa simu, saba, na zote zikatoka doa la kahawia linatetemeka. Nilifikiria kuchuma maua na kuyaweka kwenye glasi dirishani kwa shangazi. Nikachuma matatu, nikaona nayapunguza ya ukutani, nikapata hofu nitamfukuza. Nilimpigia mama yangu Unguja. Nilimweleza mambo yote kwa nusu saa. Akasema, "Mwanangu, umekula?" Nikasema nimekula. Akasema, "Basi mwambie wifi yangu, au usimwambie. Lakini usinipigie tena kunihadithia nondo."

Alhamisi jioni mimi na shangazi tulikuwa tunabambua kisamvu alicholetewa kutoka duka la Kingsbury Road. Nikamuuliza, kwa ujanja wangu mbovu, "Shangazi, bibi alipofiwa na babu, eda aliikaa wapi?"

"Uani."

"Miezi yote minne?"

"Atakaa wapi? Akianika mpunga, akisuka ukili, akigombana na kuku. Tulikuwa tukitoka skuli tunamkuta na jua lake mgongoni." Akatupa kikonyo pembeni. "Alinenepa edani, mama yangu. Watu walimsema."

"Kwani uani ni ndani au nje?"

Akaacha kubambua. "Uani ni ndani, mtoto wee. Nje ni barazani. Huko chuo kikuu mnasomeshwa nini?"

"Na bustani yetu ya nyuma?"

"Ile? Ile kiwanja cha mpira. Kila dirisha lina macho."

Nikaendelea kubambua kisamvu, lakini ndani yangu kitu kilikuwa kimesimama wima. Miezi mitatu na nusu nilikuwa nikidhani shangazi anakaa eda kwa ukali kuliko mama zake. Kumbe hakuwa na ukali wowote. Mama zake walikuwa na ukuta wa mawe unaozidi kimo cha mtu, na mbingu yao wenyewe juu. Yeye amekuja mahali ambapo nyumba haina ua, na edani mwake akabaki na chumba kimoja na pazia.

Usiku ule niliichana karatasi yangu. Sitasema nililala vizuri; niliamka mara nyingi kutazama kama mvua inanyesha.

Ijumaa palikucha pakavu. Nilitoa mashuka yote kabatini, yaliyo safi na yasiyo safi, nikatoa khanga zangu sita na za shangazi nane. Nilimwambia nafua. Jirani alinikuta nafunga kamba kutoka pembe ya banda kwenda kwenye nguzo ya uzio, nikamweleza ninachokitaka, nikitafuta maneno. Hakuhitaji maneno. Aliingia kwake akarudi na kamba nyingine mbili na mapazia ya sebuleni, mazito, ya rangi ya manjano.

"Mimi naelewa," alisema. "Mama yangu Kisumu alipofiwa na baba, sisi nafunga yadi yote kwa magunia."

Tukafunga upande wake na upande wa pili, ambako wanakaa wanafunzi wasioamka kabla ya saa sita. Nikasimama juu ya benchi, nikafumba jicho moja, nikahesabu madirisha ya ghorofani, nyumba za nyuma, yanayoweza kumwona mtu aliyekaa pale. Nilishuka, nikakaa, nikahesabu tena. Lilibaki moja, la bafu, lenye kioo cha ukungu. Nikawaza: na mtu akilifungua? Nikatundika khanga moja zaidi kwenye ufito wa mharagwe.

Saa nane kasoro dakika tano niliingia chumba cha mbele. Nilikuwa nimetayarisha namna sita za kuanza na zote zikanitoka.

"Shangazi, nimekufanyia ua."

"Umenifanyia nini?"

"Ua. Wa kukaa. Njoo mpaka mlangoni tu."

Alikuja kwa sababu alidhani nimeunguza kitu. Alisimama mlango wa jikoni akatazama ile njia ya vitambaa inayokwenda mpaka nyuma ya banda, shuka zikipumua kwa upepo, khanga na maandishi yake, mapazia ya manjano ya watu.

"Mashuka yangu yote? Hata lile la wageni?"

"Nitayafua tena."

"Na nani kakwambia mie nataka ua?"

"Kuna kitu nataka ukione. Kinakuja saa hizi."

"Kitu gani?"

Hapo ndipo nilipokuwa nikikwama siku nne. "Alichokuwa akikiona ami," nikasema.

Uso wake ulijikunja. Alishika fremu ya mlango. "Usinichezee, mwanangu. Mie mtu wa edani."

"Sikuchezei, wallahi."

Alisimama muda mrefu hata nikaanza kutazama saa, nikaona aibu, nikaacha. Kisha akavuta mtandio mbele, akatia miguu kwenye kandambili zangu, akasema bismillahi, akatanguliza mguu wa kulia. Alitembea taratibu, akishika shuka moja moja kwa vidole anapopita, kama anayekagua ukuta.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia la manjano: "Mama! Mimi sioni kitu! Mimi nafunga macho kabisa!"

"Na masikio ufunge!" shangazi akajibu, na akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu Juni.

Alikaa kwenye benchi. Jua lilimpiga usoni akafumba macho, akaliacha limpige. Nilisimama pembeni nikijua kabisa kwamba leo mdudu hatakuja, kwamba shuka zimemtisha, kwamba jana ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho London na sasa yuko juu ya bahari, na mimi nimemtoa mjane edani kumwonyesha ukuta.

Alikuja saa nane na dakika ishirini. Kwanza tulisikia mvumo. Kisha alikuwa pale, mbele ya maua mekundu, ananing'inia, uzi wake unachovya na kuchomoka.

"Lo!" shangazi alinong'ona. "Lo, lo, lo. Chozi." Mkono wake ulipanda mdomoni. "Subhanallah. Chozi huyu. Kama wale wa kwao."

Hakupepesa. Yule alikwenda ua hadi ua, akapanda kwenye asumini zilizobaki, akarudi chini. Shangazi alikuwa anamfuata kwa kichwa chote, kama mtoto. "Miaka yote hiyo," akasema polepole, hakuniambia mimi. "Miaka yote mie nakaanga. Nakaanga nini?"

Ningeweza kuishia hapo. Hata leo najua kwamba ningeweza. Alikuwa amempata mumewe mkweli na ndege wake mzima, na mimi ningeingia ndani kuyafua mashuka. Lakini ningekuwa nimezifasiri tena habari za ami kwa namna inayonifaa mimi, kama siku ile kwa daktari, na shangazi angezipokea tena, kwa kuwa hana njia ya kujua.

"Shangazi," nikasema, "si ndege. Ni nondo. Nimesoma. Anatoka kusini, na baridi ikiingia anarudi."

Akageuza uso. "Nondo?"

"Nondo wa mchana. Mtazame kichwani, ana vipembe."

Alitazama. Alitazama sana. "Basi jina ndilo lililompotea," akasema. "Macho alikuwa nayo."

"Alikuwa nayo. Na kuna jambo jingine, la siku ile kwa daktari."

"Jambo gani?"

"Wewe uliniambia nimwambie anaona chozi. Mimi nikasema anaona ndege wasiokuwepo. Hilo la kutokuwepo hukulisema wewe. Nililitia mimi. Na ami alinisikia."

Yule nondo alikuwa bado anavuma ukutani. Shangazi akasogea kwenye ukingo wa benchi, akapiga mbao kwa kiganja, mara mbili, kunionyesha mahali pa kukaa. Sikukaa. Nilimwambia kwanza lile la mwisho, lililokuwa gumu kuliko yote, nilivyoambiwa na jirani: kwamba mwaka jana ami alikaa hapo alipokaa yeye, akamwona nondo kila siku, akaacha kumwita mkewe kwa kuogopa kupelekwa tena kwa daktari. Nilipomaliza ndipo nikakaa.